Kinga, baiskeli, velo: majibu kwa wasomaji

Mwanangu anayesoma Dar es Salaam alicheka niliposema kinga yangu imeibiwa. Nilikosea? (Mama, Katuba)

Hapana mama, hukukosea. Kule kinga ni kitu kinachozuia ugonjwa, ndiyo maana hakuelewa mwizi amechukua nini. Hapa Lubumbashi kinga ina magurudumu mawili na kengele. Wala si sisi peke yetu: Wabemba wanasema ncinga, Warundi ikinga, Wachewa njinga. Asubuhi kwenye barabara ya Kasenga utawaona watu wa makala, yaani makaa ya kupikia. Mifuko imepangwa nyuma mpaka inampita mtu kimo, imefungwa kwa kamba za mpira, na mwenyewe anatembea kando, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Neno la mtu huyo ni kinga. Mtoto wake akiliandika shuleni, ninaomba mwalimu asilipige kalamu nyekundu tu. Amfundishe baiskeli, na kinga abaki nayo.

Baiskeli ni Kiswahili au Kizungu? (Mwanafunzi, Kampemba)

Mzizi ni bicycle ya Waingereza: "bi" ni mbili kwa Kilatini, "kyklos" ni gurudumu kwa Kigiriki. Lakini tukishasema baiskeli hii, baiskeli hizi, limekuwa letu. Velo tumelipata kwa Kifaransa. Limekatwa kutoka vélocipède, yaani mguu mwepesi.

Je, chukudu ya Goma ni baiskeli? (Msomaji, Ruashi)

Kwa kuhesabu magurudumu, ndiyo. Lakini chukudu ni ya mbao, haina pedali wala mnyororo: mtu anaweka goti juu yake, mguu wa pili unasukuma ardhi, na kwenye mteremko anaiachia iende. Hata mashine aliyoiendesha mvumbuzi Karl Drais huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, mama wa baiskeli zote, ilisukumwa kwa miguu hivyo hivyo; pedali zilienea kutoka Ufaransa miaka ya 1860. Ila ukiiita baiskeli mbele ya watu wa Goma watakusahihisha, na wana haki. Chukudu imewabebea viazi, kuni na mbao za kujengea, hata wakaisimamishia sanamu mjini.

Kwa nini tunasema kunyonga kinga? (Papa, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi)

Kunyonga ni kusokota kwa nguvu, na miguu ndiyo inayofanya hivyo kwenye pedali. Yule wa makala anayepandisha mlima kwa miguu, papa, hanyongi. Anasukuma.