Mama ana magoti, tuanzie wapi Mji wa Kale?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwezi ujao namleta mama Mombasa, hajawahi kuiona bahari. Tuna siku moja tu ya kuutembea Mji wa Kale, na magoti yanamsumbua. Tuchukue mtembezaji au twende wenyewe? Tuanzie wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukueni mtembezaji, ila si yule wa kwanza atakayewarukia mkishuka tuktuk. Mwulizeni kwanza: Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, ile ya Wareno, muda gani hata wakaitwaa? Akisema wiki mbili, mshukuruni mpite. Ilikuwa karibu miaka mitatu, tangu 1696 hadi 1698. Anayejua hilo atajua na mengine. Bei mkatiane hapo hapo, kabla ya hatua ya kwanza, na mseme ni ya watu wote wawili.

Anzeni na Ngome ya Yesu, asubuhi inapofunguliwa. Mwaka mmoja nilimpeleka bibi wa watu humo saa sita mchana, kwa ujinga wangu. Uwanja ule hauna kivuli cha maana. Alikaa chini kando ya mzinga akaniambia, "Wewe endelea na Wareno wako, mimi nimefika." Mama asipande ngazi za kwenye kuta; uwanjani patamtosha, na jumba la makumbusho lina vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele ya Ngome mwaka 1697.

Mkitoka, shikeni barabara ya Mbarak Hinawy mwende taratibu. Nyumba zimebanana, kivuli kipo. Msikiti wa Mandhry mtauona kwa mnara wake mweupe uliochongoka. Inasemekana ulijengwa 1570. Utazameni kwa nje. Mbele kidogo ni Bandari ya Kale, hapo mama ataiona bahari yake. Ngazi za Leven zinazoteremka majini mwachieni mtembezaji azisimulie tu. Jina ni la meli ya Kiingereza iliyokuja enzi za Kapteni Owen, miaka ya 1820.

Rudini kwa Ndia Kuu (kwa Kimvita njia ni ndia, usidhani ni kosa la mchora kibao). Hapo msiharakishe. Chagueni mlango mmoja wa nakshi musimame. Uangalieni mfaa, ule mti wa katikati: juu maua yamechongwa mpaka unaona ncha ya patasi, lakini kwenye kimo cha kiuno nakshi zimelainika kama sabuni iliyotumika, kwa mikono ya watoto wanaoingia na kutoka. Wenye nyumba wakiwa barazani, salamu kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa.

Mama akichoka, ombeni kiti mkahawa wowote mle mahamri na mbaazi, kisha tuktuk hadi Marikiti kwa viungo. Soko hilo lipo tangu 1914.

Mwisho ni Barabara ya Biashara, kwa leso. Lakini mama asilipe kabla hujamsomea jina la leso, yale maandishi yake. Jirani yangu alimchukulia mkwewe leso kwa kupenda rangi, kumbe maandishi yake ni ya kumpiga mtu kijembe. Mwezi mzima hawakusemezana.