Kabla hujagusa ukuta: maswali ya wenye nyumba wa Mji Mkongwe

Tangu masika ianze, maswali ya nyumba yamezidi mengine yote. Mengi yanatoka Mji Mkongwe wa Unguja, na karibu yote yana uchungu mmoja ndani yake: nyumba ni yangu, kwa nini niombe ruhusa? Nimechagua matano. Kauli ya mwisho juu ya kibali ni ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mimi nasema ninayoyajua kwa kukulia ndani ya nyumba hizi na kusimama na mafundi wake.

Lipu ya ukuta wetu wa chini inabanduka kila mwaka. Fundi ametupigia hesabu ya mifuko minane ya saruji, anasema tukiipiga tutasahau tabu hii. Kweli tunahitaji ruhusa kwa lipu tu? (Malindi)

Nendeni Mamlaka kwanza, hata kwa lipu. Na hiyo mifuko minane msiinunue.

Ukuta wenu si wa matofali. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, na chini hauna kitu cha kuzuia unyevu wa ardhi. Maji hupanda ndani yake siku zote, na tangu ulipojengwa yamekuwa yakitoka taratibu kupitia lipu ya chokaa, jua na upepo vikiyachukua. Ukiufunika kwa saruji umeyafungia ndani. Maji yaliyokosa njia hayarudi chini. Hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi, mpaka yafike pale vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Hapo ndipo nyumba inapoanza kufa, na wewe sebuleni unaona ukuta mweupe, msafi, unajipongeza.

Niliwahi kusimama Mkunazini fundi akibandua lipu ya saruji ambayo haikuwa na miaka mingi. Ilitoka kipande kimoja kikubwa kama meza. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, ukiushika unashikamana kiganjani kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Kisha fundi akapanda ngazi, akachukua msumari wa inchi nne, akaudunga kichwa cha boriti kwa mkono tu, bila nyundo. Ulizama wote. Juu ya boriti ile kulikuwa na chumba cha watoto.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole; panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na mawe. Bandueni hapo, kisha uacheni ukuta ukauke wiki kadhaa, msiwe na haraka. Angalieni nje: bomba la mvua limepasuka? Maji ya jirani yanamwagika mguuni mwa ukuta? Hilo litengenezwe kabla ya lipu, la sivyo mnarudi pale pale. Halafu chokaa iliyozimwa vizuri ikaiva, ichanganywe na mchanga, ipigwe tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikifunikwa magunia yaliyoloweshwa isikauke kwa pupa. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa, haiendi mbio kama saruji, na fundi anayelipwa kwa siku atawagharimu zaidi. Naijua bei yake. Bei ya kubadilisha boriti nayo naijua.

Mwanangu anaoa baada ya mfungo. Nataka kumjengea chumba juu ya dari la mwisho, bloku na nondo. Jirani yangu kajenga na hakuulizwa na mtu. Mimi ni mjane, nyumba ni ya urithi wa marehemu mume wangu. (Kiponda)

Shikamoo Bi mkubwa. Mungu amjaalie kijana ndoa ya kheri. Lakini chumba hicho usikijenge.

Nyumba yako imebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyote vya zamani ni vyembamba, kama mita tatu hivi upana, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyoshindiliwa, mzigo ambao kuta zimeuzoea kwa miaka mia na zaidi. Ukiongeza bloku na zege juu yake, ukuta wa mawe na udongo hauna pa kuupeleka uzito ule. Na ukuta wako wa upande, nakuomba ukaupime kwa macho: kwa nyumba nyingi za Kiponda huo ni ukuta wa jirani vile vile. Ukipasuka, unampasukia na yeye.

Sote tumeona Beit al-Ajaib. Jumba hilo la kifalme lililojengwa mwaka 1883, lenye nguzo za chuma, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza roho. Siilinganishi na nyumba yako kwa ukubwa, nakukumbusha tu kwamba hata jumba kubwa la Mji Mkongwe huanguka.

La jirani usilifuate. Kujenga kwake bila kibali hakukupi wewe haki, na akiamriwa kubomoa hasara yote itakuwa juu yake. Kama njia ipo, ipo ndani. Mara nyingi chumba kikubwa cha orofa ya pili kinaweza kukatwa kwa ukuta mwepesi wa mbao, ambao siku yoyote unaondoka bila kuacha kovu. Hilo nalo liombewe ruhusa, maana udhibiti hauishii kwenye uso wa barabarani. Chukua hati, karatasi za mirathi, picha za chumba na mchoro mdogo hata wa mkono, uende mwenyewe na kijana. Waombe waje wapaone. Mazungumzo ndani ya nyumba huenda vizuri kuliko ya dirishani ofisini.

Sisi warithi saba, watano tuko Muscat. Paa la nyumba yetu ya Hurumzi linavuja na amepatikana mtu anayeutaka mlango wa nakshi kwa bei nzuri. Tukiuza mlango tutapata fedha za paa. Shida iko wapi?

Shida ni kwamba mlango ule ni nyumba. Fremu zake zimejengwa pamoja na ukuta, mfaa wa katikati ndio unaozikutanisha mbao mbili, na minyororo, mawimbi na maua yaliyochongwa pembeni yalisema habari za mwenye nyumba kabla hajafungua mdomo. Milango hii ni miongoni mwa mambo yaliyoufanya mji uingizwe kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kuung'oa ni kubadilisha jengo lililohifadhiwa. Mkiung'oa bila ruhusa mmevunja sheria, na shimo lile hamtalijaza kwa fedha yoyote. Nimepita mbele ya mashimo kama hayo yaliyozibwa kwa geti la chuma. Huzoei.

Ndugu zangu, mlio mbali ndio mnaoweza kuiokoa. Kaeni kwenye simu wote saba, mkubaliane mtu mmoja aliyepo Unguja, mmpe uwakala kwa maandishi ili awe na mamlaka ya kuomba kibali kwa niaba ya wote. Nyumba nyingi za warithi zinaanguka kwa sababu hakuna mwenye haki ya kutia saini peke yake, wakati paa linasubiri saini moja. Halafu anzeni na kidogo: mifereji ya paa izibuliwe, bati lililotoboka libadilishwe. Hiyo haigharimu bei ya mlango.

Nina nyumba ndogo ya wageni Shangani. Nataka kibao chenye taa na viyoyozi vitatu mbele. (Shangani)

Kibao kinahitaji ruhusa, na cha mbao kilichopakwa rangi kina nafasi nzuri kuliko cha plastiki kinachowaka. Viyoyozi vipeleke nyuma au uani, na bomba la maji yake literemke hadi kwenye mtaro. Maji ya kiyoyozi yanayodondokea ukutani mchana kutwa yanafanya kazi ile ile niliyoieleza kwenye swali la Malindi.

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya wakfu. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo sita. Naweza kutengeneza mwenyewe? Nikisubiri tutalala nje. (Sokomuhogo)

Pole sana, na watoto pia. Mwenye kuomba kibali ni mwenye nyumba, na kwa wakfu hiyo ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Waandikieni barua wapangaji wote pamoja, muambatishe picha za ndoo na za dari, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine mpeleke Mamlaka, maana jengo linalohatarisha watu ni jambo lao pia.

Wakati mnasubiri, kuna mnaloweza kufanya bila kuharibu. Tandikeni turubai juu ya paa, mlifunge kwa kamba kwenye mawe, bila kupigilia misumari ukutani. Zibueni mifereji, mara nyingi utakuta majani na mifuko ya plastiki ndiyo iliyofunga maji. Msikubali fundi amwage tabaka jingine la chokaa au zege juu ya dari ili kuziba ufa. Zamani watu walifanya hivyo kila baada ya miaka, tabaka juu ya tabaka, na dari likawa zito mara mbili juu ya boriti zile zile.

Na leo jioni kabla hamjalala, pitisheni tochi pale boriti zinapoingia ukutani. Mkiona boriti imeshuka, au unga wa mbao sakafuni chini yake, watoto wasilale chumba hicho. Simamisheni nguzo ya mbao chini ya boriti, juu yake bao pana la kugawa uzito, na asubuhi mmoja wenu awe mlangoni kwa Kamisheni kabla hawajafungua.