Mtoto anayeshinda uani akichimba

Dada, umeuliza mwanao wa miaka 4 anajifunza nini akishinda uani anachimba. Mengi. Mchanga mkavu unabomoka, ukitiwa maji kidogo unashika umbo, yakizidi unakuwa tope. Hapo anakisia, anaona, anajaribu tena. Vidole navyo vinapata nguvu atakayoihitaji kushika penseli. Mfichie vizibo vya soda na vifuu mchangani, mpe kijiko cha zamani, na kabla hajaanza muulize: "Unadhani kuna nini humo?" Akikuta nyungunyungu usimfukuze, mwache aone anavyojivuta bila miguu. Ila chagua pahali ambapo paka hawajisaidii, avae viatu, na akimaliza anawe kwa sabuni. Nguo? Mvalishe zilizochakaa tu.