Wasomaji Wanauliza: Likizo ya Wiki Moja Bila Kutoka Tanga

Barua za safari hii zimetoka karibu zote Tanga na wilaya za jirani, nazo zinauliza jambo linalofanana: namna ya kuitumia wiki ya mapumziko kwa filamu, muziki, mapishi na mambo ya kuvutia yaliyomo katika intaneti, bila gharama kubwa.

Nimepata likizo ya wiki moja na sina uwezo wa kusafirisha familia. Nyumbani tupo mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa akiwa kidato cha nne. Kila jioni kila mmoja huinamia simu yake. Ningependa safari hii tutazame, tusikilize na tule pamoja. Tuanzie wapi? (Baba wa Ngamiani)

Baba wa Ngamiani, anza na muziki, kwa sababu mji unaoishi ni miongoni mwa miji iliyoubadilisha muziki wa mwambao wote. Zamani taarab iliyosifika zaidi ilikuwa ya makundi makubwa yenye fidla nyingi, udi na ganuni, yaliyofuata mtindo wa Misri. Black Star Musical Club ya hapa Tanga ilileta kitu kingine: kundi dogo, gitaa la umeme, besi, na mapigo yanayomwinua mtu kitini. Lucky Star ikafuata njia hiyohiyo, na sauti ya Shakila Saidi, aliyeimba na makundi hayo, ikasikika redioni mbali kabisa na pwani. Wakati huohuo wapenzi wa dansi walikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nazo zote ni za hapahapa. Inanisikitisha kuona mtoto aliyezaliwa Ngamiani anawajua wanamuziki wa mabara mengine kwa majina na nasaba zao, lakini hajawahi kuambiwa kwamba sauti hii ilitengenezwa katika mitaa anayopita kwenda shule.

Ikiwa mtapenda mkusanyo mmoja wa kuanzia, utafuteni ule unaoitwa Nyota, uliotolewa Uingereza na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1989, ambao una nyimbo za makundi hayo mawili ya taarab. Chagueni wimbo mmoja tu kwa jioni moja. Zimeni televisheni, wekeni simu mezani, na mrudie wimbo huo mara kadhaa: mara moja kwa ajili ya maneno, mara nyingine mkifuata gitaa peke yake, kisha besi. Baada ya hapo waulize watoto shairi linamsema nani. Katika taarab anayesemwa ni nadra kutajwa, na mwanamke anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji hukusudia ubeti maalumu; akiinyanyua noti yake juu mstari fulani unapoimbwa, huwa amekwisha kumjibu mtu aliyemo humo ukumbini, na wenzake wanaelewa ni nani. Mama yako au shangazi yako, ikiwa wapo hai, wanaweza kuwaeleza wajukuu mambo haya kuliko maandishi yoyote. Waalikeni.

Mambo mengine yaenezeni katika siku zilizobaki: filamu kwa jioni mbili, jikoni kwa asubuhi moja, na usiku mmoja wa kutazama nyota, ambao nimeueleza katika barua ya mwisho. Siku nyingine ziacheni wazi, maana ratiba iliyojaa kila saa huwachosha watoto kabla ya Jumatano.

Wanangu wanapenda filamu za nje ambazo mtafsiri wa kibanda cha video ameweka sauti yake juu yake. Mume wangu anasema huko ni kuiharibu filamu. Nani ana haki? Na je, ipo filamu ya kwetu huku ambayo ungependekeza? (Mama wa Makorora)

Mama, nyote wawili mna hoja, ila mimi namwelekea mumeo kwa sehemu kubwa zaidi. Mtafsiri wa filamu ni msanii halisi. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata mashabiki waliofuata sauti yake kuliko walivyowafuata waigizaji waliokuwa kwenye kioo, kwa sababu hakutafsiri maneno tu, bali alieleza, alitania, alionya, na aliwapa wahusika wa mbali tabia za watu tunaoishi nao mtaani. Hiyo ni kazi ya msimuliaji wa hadithi wa pwani, aliyehamia kwenye video, na inastahili heshima.

Hata hivyo, mtoto anayeitazama filamu kwa njia hiyo peke yake hapati nafasi ya kuusikia ukimya ambao mwongozaji aliuacha kwa makusudi, wala muziki uliowekwa chini ya mazungumzo, wala sauti ya mwigizaji ikitetemeka. Ushauri wangu ni kwamba waitazame kwanza filamu yenyewe, pamoja na maandishi ya tafsiri kama yapo, kisha siku ya pili wasikilize toleo la mtafsiri na wataje ni wapi ameongeza na ni wapi ameacha. Wataona mengi wao wenyewe. Liko pia suala la hakimiliki, ambalo sheria yetu ya mwaka 1999 inalilinda, nalo halipaswi kupuuzwa: nakala nyingi zinazouzwa mitaani hazimpatii mtengenezaji hata senti moja.

Kuhusu filamu ya huku kwetu, itafute Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar mwaka 2015 na kutengenezwa Pangani na shirika la UZIKWASA. Inamhusu mwanamke anayerudi kwao kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, akafanyiwa ukatili, kisha jamii yake ikajikuta inalazimika kuamua kama itanyamaza au itasema. Naipenda kwa sababu mji unaoonekana humo ni mji wenye watu wanaofahamiana, na kwa hiyo ugumu wa kumsema jirani unaonekana wazi. Itazameni ninyi wazazi kwanza. Kwa kijana wa sekondari inafaa mkiwa mmekaa naye. Kwa mtoto mdogo haifai.

Kila nikipika mbaazi za nazi, tui hukatika. Video ninazozifuata zinataka pia krimu, ambayo dukani kwetu haipo. Nifanyeje? (Binti wa Muheza)

Krimu iache kabisa, binti yangu; anayeishi Muheza katikati ya minazi hana sababu ya kuitafuta. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, zichemshe ziive kwa maji matupu bila tui, kisha kamua nazi yako mara mbili na uyatenge matui. Tui jepesi litangulie, pamoja na kitunguu, bizari na chumvi, liache lichemke mpaka lipungue. Tui zito liingie mwishoni, moto ukiwa mdogo, nawe ukoroge polepole bila kuondoka jikoni mpaka lianze tu kutokota, kisha uepue. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikamanishwa na protini ya nazi, na moto mkali huivuruga protini hiyo, mafuta yakajitenga na kuelea juu. Ukifunika sufuria na kwenda kupiga soga, litakatika tu.

Shikamoo mhariri. Napenda kompyuta na vitu vya ajabu vya intaneti, lakini bando langu ni dogo. Nitumie nini wiki nzima bila kumaliza pesa? Na je, ni kweli ninaweza kujua majina ya meli zilizotia nanga bandarini kwetu? (Kijana wa Chumbageni)

Marahaba, mwanangu. Tumia bando lako mara moja kupakua Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga, kwa kuwa ukishaiweka kwenye kompyuta hufanya kazi bila mtandao. Weka mahali pako kuwa Tanga, takriban nyuzi 5 kusini ya ikweta, kisha ujaribu jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kompyuta. Wakulima wa mwambao walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kitafute kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, kwenye anga la jioni ya Januari, halafu usogeze tarehe mbele wiki baada ya wiki. Utakiona kikishuka magharibi mpaka kipotee katika mwanga wa jua mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa bado yapo, na utakiona tena mashariki kabla ya alfajiri mnamo Juni, mvua zikiwa zimepungua. Usiku huo watoe wadogo zako nje, mbali na taa za barabarani, muulinganishe mchoro na anga lenyewe.

Radio Garden, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2016, nayo inafurahisha sana: unazungusha tufe la dunia na kusikiliza kituo cha redio cha mji wowote utakaougusa. Uwe na kiasi lakini, kwa sababu matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa.

Kuhusu meli, ni kweli. Fungua ramani ya MarineTraffic na uikuze mpaka kwenye ghuba ya Tanga. Sheria za kimataifa zinaitaka kila meli ya tani 300 au zaidi inayosafiri baina ya nchi iwe na mtambo wa AIS, ambao hutangaza kwa mawimbi ya redio jina la meli, mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Meli iliyo safarini hutuma taarifa kila baada ya sekunde chache, na iliyotia nanga kila baada ya dakika tatu hivi. Vipokezi vya nchi kavu na setilaiti huzikusanya na kuziweka kwenye ramani. Nenda Raskazone ukiwa na simu, itazame meli kwa macho, kisha usome inatoka wapi. Fahamu tu kwamba ngalawa na mashua za wavuvi kwa kawaida hazina mtambo huo, kwa hiyo ramani hiyo usiitegemee kamwe kwa usalama ukiwa majini.