Kazi ya mtafiti wa afya huku Tanga, na karatasi aliyoitunza bibi mmoja kwa miaka miwili

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, mdogo wako wa kike amemaliza shahada ya afya ya jamii, anataka kuingia kwenye utafiti, na nyumbani hamjui kazi yenyewe ni ipi. La pili umelisema kwa uchungu: kwenu Mkinga walipita watafiti, wakawatoboa watu vidole, wakaondoka, na hadi leo hakuna aliyesikia walichokikuta. Nimeifanya kazi hii miaka 14, mingi yake hapa hapa Tanga, kwenye matende na mabusha, na malaria kidogo. Nitayajibu yote kwa pamoja maana kwangu ni swali moja.

Watu wakisikia mtafiti wanaona koti jeupe na hadubini. Hadubini ipo, ila sehemu kubwa ya mwaka inaishia kwenye makaratasi na kutembea. Kabla hujamgusa mtu yeyote, andiko lako la utafiti linakwenda kwenye kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Linarudi na maswali, unasahihisha, unalirudisha. Likipita, zinaanza barua: mkoa, wilaya, mganga mkuu wa wilaya, kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kila ngazi ina muhuri wake na siku zake. Nimeshakaa Pangani wiki nzima nangoja saini moja. Vijana wengi wanauona mlolongo huu ni usumbufu. Mimi nauheshimu, hasa ule mwisho wake wa chini, kwa sababu usiku watu wakianza kupiga kelele, anayetoka nje na kanzu yake ya kulalia kuja kukutetea ni mwenyekiti wa kitongoji. Barua ya mkoa haitoki nje usiku.

Na kwetu sisi wa matende, usiku ndiyo kazi. Minyoo michanga ya matende mchana hujificha ndani, kwenye mapafu, na usiku hutoka kwenye damu ya juu juu, wingi wake ukiwa kati ya saa nne na saa nane usiku. Inafuata saa za mbu. Mbu wanaoisambaza huku pwani huuma usiku, basi nayo hutoka saa hizo ibebwe. Siku hizi kuna kipimo cha haraka unachoweza kupima hata saa sita mchana na kusoma jibu baada ya dakika 10, na kimetupunguzia safari nyingi. Lakini kinakuonyesha tu dalili za mnyoo mkubwa ndani ya mwili. Ukitaka kujua kama mtu bado ana wale wachanga wanaoelea, yaani kama mbu akimuuma leo atawabeba kwa jirani, inabidi umwendee usiku.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwenye nyumba. Umeshaswali Isha, umekula, umelala. Saa tano unasikia gari, mwanga unapita kwenye makuti, halafu hodi. Watu usiowajua, wamevaa glavu, wanataka damu. Na hapa ni pwani, ambako hakuna mtoto aliyekua bila kusikia habari za mumiani. Hizo simulizi ni za tangu enzi za wakoloni na hazijafa. Mimi simlaumu mtu anayekimbia. Ningekuwa yeye ningekimbia.

Kijiji kimoja upande wa Pangani tulikuta magogo yamelazwa njiani na debe linapigwa. Kosa lilikuwa letu. Mkutano wa kijiji tuliufanya mchana wa siku ya kazi, wanaume wengi walikuwa baharini na mashambani, tukahesabu waliokuja tukaona tumeshaeleza. Tuligeuza gari. Kesho yake tukarudi bila gari, kwa baiskeli za kukodi, tukakaa barazani kwa mwenyekiti tangu alasiri, tukaongea na kila aliyepita. Usiku ule kijana mmoja alikubali kutolewa tone. Tukawaomba watu wengine kumi hivi watolewe pia, tukachagua tone moja bila kusema ni la nani, tukaliweka kwenye kioo likiwa bado bichi, tukaweka hadubini juu ya meza ya kahawa, na mwenye kutaka akaja kutazama.

Ukiwa hujawahi kukiona, ni kitu cha kukusimamisha. Chembe za damu zimejaa kama dengu zilizomwagwa, halafu katikati kuna uzi unajinyonganyonga, unazisukuma chembe huku na huku. Mnyoo huo mchanga ni kama robo ya milimita tu. Mzee mmoja mwenye matende ya mguu wa kulia aliinama pale kwa muda mrefu hadi mtu wa nyuma yake akamgusa bega. Aliponyanyuka alisema, "Kumbe ndiye huyu." Akaenda kukaa pembeni, hakusema lingine. Saa saba usiku bado tulikuwa na foleni.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo hakuna anayeisimulia. Damu inapakwa kwenye slaidi, yaani kile kipande cha kioo, kwa mistari, inaachwa ikauke hadi asubuhi. Sisimizi na mende wanaipenda damu hiyo kuliko unavyofikiri. Usipoangalia, unaamka unakuta slaidi zimelambwa safi, na usiku mzima wa watu umepotea. Sisi miguu ya meza tunaitumbukiza kwenye bakuli za maji. Hilo hufundishwi chuoni, na mdogo wako akilijua siku ya kwanza atapendwa na wenzake.

Nije kwenye hilo la Mkinga.

Kuna mradi mmoja nilioufanyia kazi zamani, sitautaja. Tulizunguka kaya kwa kaya, tukachukua damu, na kila aliyekubali alibaki na nakala ya fomu ya ridhaa, maana ni haki yake. Asiyejua kusoma aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Fomu ilisema majibu yataletwa. Kisha fedha zikaisha, mikataba yetu ikaisha, kila mtu akatawanyika kutafuta mradi mwingine. Majibu yalibaki kabatini yakiwa yameandikwa kwa namba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila hakukuwa na fungu la kurudi, na hakuna aliyepiga kelele, mimi nikiwemo.

Baada ya miaka miwili nikarudi kijiji kile kile na mradi mwingine. Kwenye nyumba moja nikampa bibi shikamoo yangu. Akaitikia, akanitazama sana, akasema, "Wewe nakujua." Akaingia ndani. Alitoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndani mna kadi yake ya kupigia kura, kadi ya kliniki ya mjukuu, na ile fomu. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachana. Akaikunjua juu ya mapaja yake, akaweka kidole.

"Hii si saini yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hiki ndicho kidole changu." Alama ya wino wa buluu bado ilikuwa inaonekana vizuri. "Mlisema mtaniambia."

Sikuwa na jibu. Akaendelea mwenyewe, bila kupandisha sauti. Alipoona hatuji, alijua tumekuta jambo kubwa tukaona haya kumwambia. Mjukuu wake alikuwa analala naye tangu aachishwe ziwa. Akamhamishia chumba kingine asije akamwambukiza. Mtoto alilia siku nyingi. Miaka miwili bibi yule alilala peke yake kwa sababu ya jibu lililokuwa kwenye kabati letu.

Siku ya tatu nilirudi. Ilinibidi nizunguke kwa watu, nibembeleze funguo, nipate kibali cha kufungua orodha ya namba, nitafute namba yake kwenye daftari. Hakuwa na kitu. Damu yake ilikuwa safi tangu siku ile ile. Na hata angekuwa na minyoo, mtu hapati matende kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa. Ni mbu tu ndiye mwenye kuipeleka. Nalo hilo hatukuwa tumemweleza vya kutosha. Nilimsomea jibu, akaniambia nisome tena. Kisha akamwita mjukuu, akamwambia alete mto wake.

Unaujua ule usemi wetu, Tanga ni waja leo waondoka leo. Wenyeji tunausema kwa kujivunia mji wetu. Tangu siku ile nikiusikia naisikia kazi yetu inatajwa. Kwa hiyo nikikuambia mtafiti ni nani, simpimi kwa makala alizochapisha. Nampima kwa kama amerudi. Siku hizi andiko langu halitoki mezani bila kuwa na fungu la mrejesho: mafuta ya gari, karatasi, muda wa watu wangu, na mikutano inayofanyika jioni au Ijumaa baada ya swala, wakati wanaume wapo. Mfadhili akitaka kupunguza gharama, napunguza idadi ya sampuli kwanza. Wapo wenzangu wanaoniona nakosea, kwamba sampuli chache zinaupunguzia utafiti nguvu. Hoja yao ni ya kweli. Bado sibadilishi.

Na mrejesho wenyewe ndiyo mahali utakapojifunza mengi. Swali linalokuja kila mara ni hili: dawa nimemeza miaka yote, mbona mguu haupungui? Lazima ujibu kwa ukweli. Ugawaji wa dawa za matende na mabusha nchini ulianzia Mafia mwaka 2000, Tanga ukafika mwaka 2004. Dawa ni ivermectin na albendazole, unapimwa urefu kwa kijiti ujue vidonge vingapi. Zinaua wale wachanga walio kwenye damu, ila mnyoo mkubwa huishi miaka kadhaa na huendelea kuzaa, ndiyo maana dawa inarudiwa kila mwaka, na ndiyo maana wakimeza watu wachache haisaidii. Inamkinga mjukuu. Mguu ulioharibika haurudi ulivyokuwa kwa vidonge. Mguu unauosha kila siku kwa maji na sabuni, unaukausha vizuri hata katikati ya vidole, unautunza usipate michubuko, unauinua ukikaa, na zile homa za kuvimba zinapungua sana. Mabusha yana upasuaji, na unasaidia. Nimeona wazee waliokuwa wamejificha ndani wakirudi kukaa barazani baada ya upasuaji huo. Mtu akishaambiwa hivyo waziwazi, hata ikiwa si alichotaka kusikia, mwaka unaofuata anameza. Anayekataa ni yule aliyeahidiwa mguu utapona.

Pengine utauliza kama matunda yanaonekana. Yanaonekana, ila kwa mwendo wa kobe. Korogwe hapa jirani, pamoja na Bagamoyo, palikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa upana mwaka 2021. Mama aliyempeleka mtoto wake mchanga kwenye jaribio lile, chanjo ilipokubaliwa mtoto alikuwa anamaliza shule ya msingi. Mdogo wako kama ni mtu wa kutaka kuona matokeo ndani ya mwaka, kazi za hospitali zitamfaa zaidi, na si vibaya.

Kuhusu maslahi nitakuwa mfupi. Wengi tunaanza kwa mikataba ya mradi, mwaka mmoja au miwili, na mradi ukiisha nawe umeisha. Aweke akiba tangu mshahara wa kwanza. Akazane na takwimu, maana anayejua kuchambua data kwa programu kama R au Stata hakai bila kazi muda mrefu kama anayejua kukusanya tu. Dodoso siku hizi linajazwa kwenye kishikwambi, ila ajifunze kuuliza swali huku anamtazama mtu usoni. Mimi huajiri wahojaji, na nikimwona mtu anasoma maswali ameinamia kioo, simchukui.

Mdogo wako akiitwa kwenye usaili, mwishoni watampa nafasi aulize naye. Aulize majibu yatarudishwa na nani, lini, na fungu lake liko wapi kwenye bajeti. Wakibabaika, ajue. Na wewe kwa upande wa Mkinga, tazama kama kuna mtu aliyetunza nakala ya fomu yake. Kwa kawaida juu kuna jina la utafiti, na chini kuna namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Piga ya mtafiti kwanza. Asipopokea, andikia kamati, taja jina la utafiti kama lilivyo na mwezi waliopita. Ni haki yenu, hamwombi msaada. Ukikwama, piga picha fomu, funika jina la mwenyewe, nitumie inbox nikusaidie kuandika hiyo barua.

Mdogo wako akipata kazi ya usiku, abebe tochi mbili na viatu vya kufunika. Minazini kuna miiba, na tochi moja huwa inazimika.