Kabla Hujanunua Chombo, Kitazame Maji Yakiwa Yamekupwa

Vijana wawili wa hapa Lamu wamenijia mwezi huu, kila mmoja kwa wakati wake, wakiniuliza wanunue chombo gani cha kuvulia: mashua yenye mkuku mrefu, yaani ule mti wa chini kabisa unaopita toka mbele hadi nyuma, au dau dogo ambalo chini yake ni bapa. Niliwajibu kwa swali: utakilaza wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu chombo changu cha kwanza kilikuwa mashua iliyonivutia kwa umbo lake, nami nilikuwa nikiiweka Kipungani, mahali ambapo maji yakipwa hubaki tope tupu. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kila mwezi ulipoandama, na tena ulipokuwa mpevu, mashua ililala ubavu. Ilikuwa ikilalia ubavu uleule wa kushoto, hata mbao mbili za karibu na mkuku zikaanza kuachana, na pamba ya kalafati, ile inayoziba mianya ya mbao, ikachungulia nje kama uzi wa nguo iliyochakaa. Maji yalipojaa yaliingia ndani kabla chombo hakijainuka. Fundi niliyemwita kutoka Matondoni alipitisha kidole kwenye ufa, akacheka, akaniambia kwamba mashua haina kosa, mwenye kosa ni mwenyewe.

Hata hivyo siudharau mkuku. Ukivua mbele ya kisiwa cha Manda, kisha ukataka kurudi Shela huku kusi inavuma, mkuku ndio unaozuia chombo kisisukumwe kando. Mashua itabisha, yaani itaukabili upepo kwa kukata upande huu na huu, mpaka ifike, ilhali dau bapa litateleza juu ya maji na kukupeleka usikokutaka, tena likipiga tumbo kwenye kila wimbi. Ndani ya mikoko mambo hugeuka: dau hupita penye maji ya magotini, halilewilewi mnapoinamia upande mmoja kuvuta wavu, na maji yakipwa huketi wima likisubiri. Habari ya mashine naipitia tu: tezi, yaani nyuma ya chombo, iliyokatwa bapa huipokea kwa urahisi, iliyochongoka hudai kipande cha mbao pembeni.

Lolote utakalochagua, likague likiwa pakavu. Siku za bamvua maji yetu hukupwa sana yapata saa 4 asubuhi. Nenda saa hizo, uiname, uchome mbao kwa ncha ya kisu, hasa zile zinazogusa mchanga, kisha ungoje maji yajae uone ngama, yaani chini ndani ya chombo, inakusanya maji kiasi gani. Binafsi simwamini muuzaji anayenialika saa za maji kujaa tu.

Kijana wa kwanza anavua kwa mshipi nje na ana pa kutia nanga penye kina. Nimemwambia achukue mashua. Wa pili ni mtu wa nyavu na mikoko, naye ameshalipia dau arubuni bila kuliona chini. Bamvua ni keshokutwa, na tumekubaliana twende pamoja.