Kutu kwenye bodi ya gari la zamani: maswali yenu

Chini ya mlango rangi imeumuka vilengelenge, vidogo kama kichwa cha kiberiti. Nikipiga msasa na kupaka rangi upya vitakwisha?

Vitakwisha kwa miezi michache, halafu vitarudi na ndugu zao. Mahali hapo kutu huanzia ndani ya mlango, ikalila bati taratibu, na kilengelenge ndicho cha mwisho kuonekana. Chukua bisibisi, isukume polepole katikati ya kilengelenge. Ikizama, hapo hakuna bati tena, ni rangi tu inayoshikilia unga wa kutu.

Sasa piga magoti utazame ukingo wa chini kabisa wa mlango. Kuna matundu madogo ya kutolea maji. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mpira wa kioo na kushuka ndani. Gari limeundwa hivyo, mradi yatoke chini. Matundu yakizibwa na tope, mlango unageuka ndoo. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kiraka safi sana hapo, nikakisaga mpaka kiungo hakionekani, kumbe wakati wa kuchomelea nimeziba tundu moja. Mvua zilipoanza, kila nikifunga mlango nasikia maji yanachapa ndani. Kiraka changu kizuri kikaoza.

Fundi anasema ajaze puti tu, kuchomelea ni kujisumbua.

Mkatalie. Puti, ule ujiuji unaopakwa na kugumu, ni ya kusawazisha vibonde vya milimita 2 au 3 juu ya chuma kizima kilichosafishwa. Inanyonya unyevu, na ukiijaza kwenye tundu, mgongo wake unabaki wazi kwa maji yaleyale yaliyotoboa bati. Kata kutu yote mpaka ufike kwenye bati jeupe linalong'aa, kisha kata sentimita moja au mbili zaidi, ndipo uchomelee kiraka cha bati.

Anayenunua gari naye abebe sumaku ndogo iliyovishwa kitambaa. Aitembeze juu ya fenda na vizingiti vya chini ya milango. Inapolegea ghafla, chini yake kuna puti nene.

Kila nikichomelea kiraka, bati linajikunja. Nakosea wapi?

Unalipatia bati joto jingi kwa mpigo mmoja. Bati la nje la magari mengi ya zamani lina unene wa karibu milimita 0.8 hadi 1 tu. Ukivuta mstari mrefu, bati linatanuka, na likipoa linajivuta na kuacha mawimbi. Tumia waya mwembamba wa kuchomelea, wa milimita 0.6. Piga doti moja, hamia upande wa pili, piga nyingine, kisha subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu yake. Ukirudi, piga katikati ya doti mbili, hivyo hivyo mpaka ziungane. Inachosha, najua.

Kona za kiraka zifanye za mviringo, na kingo zikutane uso kwa uso; zikilaliana, maji hupata pa kujificha. Grenda nayo hupasha bati, kwa hiyo usiikandamize sehemu moja. Na kabla ya cheche ya kwanza: betri itolewe waya, kapeti na viti vitoke, mabomba ya petroli yajulikane yanapita wapi.

Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi ni za kweli?

Kwa kutu ya juu juu, ndiyo. Zenye tanini au asidi ya fosfori hubadilisha kutu kuwa tabaka tulivu zaidi. Kutu inayobanduka kama magamba ikwangue kwanza. Tundu haliponi kwa dawa.

Kizingiti chini ya milango kimeoza chote. Nikikate tu?

Ngoja. Kama gari halina chasisi (fremu ya chuma chini ya bodi) ya peke yake, kizingiti ndicho uti wa mgongo wake. Chomelea kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, egemeza gari vizuri, pima nafasi kati ya mlango na bodi, na ufanye upande mmoja umalize. Ukikata ovyo, gari linalegea katikati na milango haifungi tena.

Baada ya kuchomelea nipake nini?

Praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyohiyo. Bati tupu huanza kupata kutu hata kwa alama ya kidole chenye jasho. Praima nyingi za kawaida hupitisha unyevu, kwa hiyo usiliache gari nje likiwa na praima tu. Rangi ikishakauka, puliza nta ndani ya milango na vizingiti kwa mpira mwembamba. Kisha pitisha waya kwenye kila tundu la maji, maana nta nayo huziba.